Njia Namba Saba

Mtuhumiwa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mikono ameiweka mapajani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, jina lake Nyevu. Alipomwona Wekesa mlangoni na begi lake la vifaa, alisimama kwa haraka hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo," alisema, akainama kukiinua.

"Marahaba, binti. Kaa tu. Sijaja na pingu."

Nyevu hakucheka. Alikaa, akairudisha mikono mapajani.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba moja ya Kibokoni, chumba kirefu chembamba kinachonukia udi, karatasi na wino. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja, printa moja, feni moja, kabati la vitabu lenye milango ya kioo, na saa kubwa ya ukutani. Watu waliandikiwa barua hapo, wakachapishiwa fomu na kadi za harusi. Mwenyewe, Mzee Abdulghafur, alikuwa pia muadhini wa msikiti mdogo ulio mwisho wa kichochoro, na kwa hiyo saa ile ya ukutani haikuwahi kukosea hata dakika moja.

Mzee alivua kofia kwa ajili ya joto, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango, akamshika Wekesa mkono na kumtoa nje barazani.

"Bwana Wekesa," alisema kwa sauti ya chini, "nataka neno moja tu kutoka kwako, na nalitaka leo. Ni mashine, au ni mkono?"

"Mkono wa nani?"

Mzee alielekeza kidevu ndani. "Mimi nikichapisha, haisimami. Akichapisha yeye, inakufa. Si kila mara, lakini inakufa. Miezi mitatu sasa. Majirani washasema msichana ana kisirani. Kuna bibi harusi mmoja mamake alikuja kuzichukua karatasi zake, azipeleke kwengine. Fundi wa kwanza alibadilisha memori, akasema mashine haina ila. Kesho naanza kadi mia tatu za harusi ya watu wa hapa hapa mtaani. Zikiharibika hizo, sina uso wa kutokea nje."

"Na ikiwa ni mkono?"

Mzee Abdulghafur aliutazama ukuta wa jirani. "Nampenda kama mwanangu. Lakini itanibidi nimwambie kesho asije."

"Mimi sijui kupima mkono, Mzee. Kazi yangu ni kupima mashine."

"Basi pima."

Wekesa alikuwa amefanya kazi ya mawasiliano na ishara za reli kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya kupunguzwa kazini na kufungua kijiduka cha kutengeneza kompyuta Tononoka. Kule relini treni ikiacha njia hawakuanza kwa kumwuliza dereva kwa nini. Walianza kwa kuuliza ilikuwa saa ngapi. Alirudi ndani, akavuta kiti karibu na Nyevu, akafungua daftari lake.

"Nieleze inavyokufa."

"Inasimama tu, baba. Kipanya hakisogei. Kibodi haiitiki. Printa inaacha mstari katikati. Nikingoja haiamki, mpaka niizime."

"Ukiwa unafanya nini?"

"Nachapisha. Kila mara ni nikichapisha."

"Ukiwa unaandika tu?"

"La. Ikiwa naandika haina neno."

"Asubuhi?"

Alifikiri. "Asubuhi haijawahi."

"Unakumbuka siku zenyewe?"

Nyevu aliinamisha kichwa. Kisha, polepole, alivuta mtoto wa meza akatoa daftari dogo la shule lenye jalada la samawati. "Naliandika," alisema. "Sikutaka kumwonyesha Mzee. Nalidhani ataona natafuta visingizio."

Wekesa alilipokea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mistari kumi na minne, mwandiko nadhifu wa mtu aliyepita shule ya taipu, kila mmoja na tarehe, saa na neno moja: imekwama. Wa kwanza ulikuwa wa tarehe kumi na saba Februari.

"Binti," Wekesa alisema, "kama kila dereva wa treni angekuwa na daftari kama hili, mimi ningekuwa na nywele nyeusi mpaka leo."

Hapo Nyevu alitabasamu kidogo, akajifunika mdomo.

Wekesa alianza na vitu vya kawaida. Alichunguza soketi na waya wa umeme. Jirani aliyeuza maji ya matunda alikuwa na friji iliyofifiza taa kila ilipowaka, na kwa robo saa Wekesa aliishuku friji hiyo. Alikwenda kuiangalia. Iliwaka mara nne, printa ikiwa kazini, na kompyuta haikutingishika. Aliifuta friji katika orodha yake. Kisha alifungua orodha ya vifaa ndani ya Windows, ile inayotia alama ya manjano penye ugomvi. Haikuwa na alama hata moja. Kila kifaa kilidai kwamba hakina tatizo na mwenzake.

"Wote wanasema hawakuwepo," alinung'unika.

"Nani?" Mzee aliuliza, akiingia kutoka barazani.

"Mashahidi. Mzee, kabla ya Februari iliwahi kukwama?"

"Hata siku moja."

"Na Februari nini kilibadilika?"

"Mwanangu Aidarus alisafiri. Baada tu ya Idi, alikwenda Maskati kwa kazi. Kompyuta hii ni yake yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akichapisha, na Nyevu alikuja kushika nafasi yake."

"Aliigusa kabla ya kwenda?"

"Aidarus?" Mzee alicheka, uso wote ukafunguka. "Kijana yule angelala nayo kama mamake angemwacha. Wiki ya mwisho alikuwa amefunga mlango, yuko na bisibisi. Nikimwuliza wafanya nini, anasema utaona. Mpaka leo anatania katika barua zake. Kila barua: Baba, kompyuta haijakwambia kitu? Nami namjibu, kompyuta yako haijui Kiswahili."

Wekesa aliandika neno bisibisi, akalipigia mstari. Kisha akalirudia daftari la samawati na kusoma safu ya saa peke yake. Tarehe kumi na saba Februari, saa sita na dakika ishirini na tano. Mwisho wa mwezi, saa sita na dakika ishirini na nne. Katikati ya Machi, ishirini. Aprili mwanzoni, kumi na tano. Mei, nane. Zilikuwapo nyingine tano za alasiri, na zote zilikuwa karibu na saa tisa na nusu.

"Hitilafu ya umeme haina kalenda," alisema. "Lakini hii inarudi nyuma, dakika baada ya dakika, kama iliyofundishwa. Mzee, hebu tazama. Saa hizi zakwambia nini?"

Mzee Abdulghafur alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole chake kilisimama.

"Februari ile adhuhuri ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano," alisema taratibu. "Leo ni saa sita na kumi na nane. Ongeza dakika kumi kwa kila mstari wa hapa, Bwana Wekesa, na utaipata swala."

Wote watatu walitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tano.

"Kwa kawaida saa hizi unakuwa wapi?"

"Nishaanza kuvaa viatu. Saa sita kamili natoka, na alasiri vivyo hivyo, mapema. Zamani Aidarus ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Mimi nikiingia katika kazi sisikii wala sioni, na mara mbili nalichelewa kuadhini, watu wamekaa wananitazama. Tangu aondoke sina wa kunambia, basi natoka mapema."

"Na binti anabaki."

"Yeye ni Mkristo, anabaki na duka."

Wekesa alifunga daftari. "Basi kwa miezi mitatu, dakika hizi hazijakukuta hapa hata siku moja. Hujaiona ikifa kwa sababu hujawahi kuwepo. Mzee, leo nakuomba usitoke. Kaa hapo. Uchapishe wewe, kwa mkono wako."

"Mimi ndiye muadhini!"

"Una udhu?"

"Ninao."

"Msikiti uko hatua ngapi?"

Mzee alisita. "Themanini."

"Utawahi."

Nyevu aliondoka kwenye kiti, akasimama mbali, mgongo umegusa ukuta, mikono yote miwili nyuma. Mzee alikaa. Wekesa alimwekea karatasi nyingi, akachagua barua ndefu. Saa sita na dakika tano, Mzee alibonyeza kitufe na kichwa cha printa kikaanza kwenda na kurudi. Dakika ya sita. Dakika ya saba. Karatasi ya pili iliingia.

"Yachapa kama maji," Mzee alisema. "Nalikwambia, mimi sina—"

Printa ilinyamaza. Mstari uliishia katikati ya neno. Mzee alisukuma kipanya, akakisukuma tena. Akabonyeza kibodi, kitufe kimoja, vitufe vitano, vyote. Mshale haukusogea kwenye kioo.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na dakika nane.

Kisha Mzee Abdulghafur aligeuka kwenye kiti akamtazama msichana aliyesimama ukutani.

"Nyevu, mwanangu," alisema, "basi hata mimi nina kisirani."

"La, Mzee," Nyevu alisema upesi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ni mashine tu."

"Ni mashine," alikubali. "Mola anisamehe." Akaibonyeza kibodi ile tena na tena, asiamini, mpaka alipoitazama saa zikawa zimebaki dakika mbili; akaruka, akatoka mbio, viatu nusu miguuni. Walimsikia akikata kona ya kichochoro.

"Ameacha kofia," Nyevu alisema.

Kofia ilikuwa bado msumarini.

Adhana ilipopanda juu ya mapaa, ikihema kidogo mwanzoni, Wekesa alikuwa amekwisha kuzima mashine na kufungua kifuniko. Harufu ya udi ilitoka ndani kama kwenye kasha la nguo. Alipuliza vumbi. Palikuwa na vibao vitatu vya saketi, vile mafundi wanavyoviita kadi, vimechomekwa, na kadi mbili kati yake zilikuwa za kijivu kwa uzee. Ya tatu ilikuwa safi.

"Leta tochi, binti. Hii ni nini?"

"Sijui, baba."

"Ni kadi ya sauti. Kompyuta ikitaka kusema au kuimba, inapitia hapa. Mzee ana vispika?"

"Sijaviona tangu nije."

Kwenye kadi palikuwa na mstari wa visindano vidogo, na juu ya viwili kati yake kifuniko cha plastiki kisichozidi punje ya mchele, kile mafundi wanachokiita jampa. Pembeni yake kulichapwa tarakimu. Wekesa alisogeza tochi mpaka akaisoma, akacheka peke yake.

"Saba. Njoo uone, usiogope. Kila kifaa humu kina njia yake ya kumwita mkubwa wao, yaani ubongo wa kompyuta. Kibodi ina njia yake, kipanya kina yake, kila njia na namba. Printa, tangu zamani, inaita kwa njia namba saba. Na hii kadi pia imewekwa njia namba saba."

"Lakini orodha ilisema hakuna ugomvi."

Wekesa alimtazama kwa furaha. "Swali zuri. Printa hajajiandikisha. Kwenye orodha ametaja anapokaa, hakutaja njia anayoitumia. Kwa hiyo Windows haimjui. Kule relini tulikuwa na njia moja na treni mbili, na dereva hakuingia mpaka apewe kibali cha chuma mkononi. Kibali kimoja tu. Hapa hakuna kibali. Siku wakiita pamoja, mkubwa hajui amjibu nani, anazimia."

"Kwa hiyo saa sita na dakika nane..."

"Printa inachapa kwa sababu wewe ni mchapa kazi. Na kitu kingine humu ndani kinataka kusema."

Alilihamisha lile jampa kwa koleo ndogo, kutoka saba hadi tano. Mzee aliporudi, kichwa wazi na jasho shingoni, mashine ilikuwa imewashwa tena na Wekesa alikuwa amekunja uso.

"Nimeadhini bila kofia," Mzee alisema. "Wameniuliza kama nimeibiwa. Imepona?"

"Bado. Kadi imehama, lakini draiva haijui."

"Dereva gani?"

"Draiva, Mzee. Programu ndogo ya kuiongoza kadi. Bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani." Alifungua lile faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapoamka, akaonyesha kwa kidole: katikati ya mstari mmoja kulikuwa na herufi I na tarakimu 7. Aliifuta saba, akaandika tano. Kisha akaifuata draiva kwenye orodha ya Windows na kuiandikia tano huko nako. Aliizima mashine, akaiwasha, na safari hii ilikubali.

Bado lilibaki swali la nani aliyekuwa akisema. Wekesa alifungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Ilikuwamo moja tu, KUMBUSHO. Ndani ya folda yake mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa jedwali: nyakati za swala za mwaka mzima, siku mia tatu na sitini na tano, zimeandikwa moja moja kutoka kwenye ratiba ya msikiti, kila moja imepunguzwa dakika kumi. Cha pili kilikuwa sauti, na jina lake lilikuwa BABA.

Mzee Abdulghafur alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena.

"Vispika viko wapi, Mzee?" Wekesa aliuliza kwa upole.

Mzee alikwenda kabatini, akapiga magoti, akavuta nyuma ya vitabu furushi lililofungwa kwa leso. Alilifungua juu ya meza, fundo kwa fundo. Vispika viwili vidogo vilikuwa ndani, havina hata chembe ya vumbi.

"Nalivitoa siku ya pili alipoondoka," alisema. "Naliona ni vitu vyake vya kusikilizia nyimbo. Nikasema nimwekee, akirudi avikute vizima."

Nyevu ndiye aliyevichomeka. Wekesa alishika kipanya kuifungua ile sauti, lakini Mzee aliweka kiganja juu ya mkono wake.

"Ngoja," alisema. "Ina wakati wake. Ngojea iseme yenyewe."

Basi walingoja. Mke wa Mzee alileta wali na samaki wa kupaka, Wekesa akala mpaka akaona haya. Saa nane Nyevu alianza kazi. Alikuwa na kadi za kesho mkononi na hakutaka kuzigusa, mpaka Mzee alipomwambia, "Anza na hizo hizo." Alianza. Kadi ya kwanza ilitoka, ya kumi, ya ishirini. Wateja wawili waliingia, wakaambiwa wakae kimya, wakakaa bila kujua wanangojea nini.

Saa tisa na dakika ishirini na tisa, Nyevu alitia kadi nyingine kwenye printa. Akabonyeza kitufe. Kichwa cha printa kilianza kwenda na kurudi.

Saa tisa na nusu, vispika vilikwaruza kidogo. Kisha sauti ya kijana ikasema, karibu sana, kana kwamba amesimama mlangoni:

"Baba. Wakati umekaribia. Chukua kofia, iko msumarini. Na usikimbie, hatua ni themanini tu."

Printa haikusimama. Ilimaliza mstari, ikashika mwingine.

Mzee Abdulghafur alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja juu ya meza.

"Naja, Aidarus," alisema. "Naja, baba."

Alitoa kofia msumarini, akaivaa, akainyoosha kwa mikono miwili. Alivaa viatu vizuri, kimoja halafu cha pili. Mlangoni aligeuka.

"Nyevu, kesho uje mapema. Kadi ni mia tatu. Na hivyo vispika visitoke hapo. Usiku nitampigia simu nimwambie kompyuta imesema." Alifikiri. "Nimwambie pia inajua Kiswahili."

Alikwenda kwa mwendo wa taratibu. Walizisikia hatua zake kichochoroni mpaka zikapotea. Nyevu alipokea kadi kutoka kwenye printa, akaitazama mbele na nyuma, akaipanga juu ya wenzake. Kisha alivuta mtoto wa meza, akafungua daftari la samawati, na chini ya ile mistari kumi na minne akaandika tarehe, saa tisa na nusu, na neno moja: imeendelea.